Kusoma Grafu: Mfano wa Kadi ya Kliniki

Grafu ni mchoro unaoonesha uhusiano wa vipimo, ili jicho lione upesi jambo ambalo jedwali la namba lingelificha ndani ya safu zake. Grafu ya nguzo hulinganisha makundi, chati duara huonesha jinsi kitu kizima kilivyogawanyika, na grafu ya mstari hufuatilia jambo linalobadilika kadiri muda unavyokwenda. Aina hizi tatu zinatokana kwa sehemu kubwa na vitabu vya Mskoti William Playfair vya mwaka 1786 na 1801.

Grafu ya mstari iliyo karibu zaidi na familia nyingi za Afrika Mashariki ni ile ya ukuaji wa mtoto kwenye kadi ya kliniki. Daktari Mwingereza David Morley aliikuza akiwa Ilesha, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa lengo kwamba kadi ikae kwa mama, isifungiwe kwenye kabati la hospitali.

Kabla ya kutazama mistari, soma mihimili. Mhimili wa chini unahesabu umri kwa miezi, wa wima unahesabu uzito kwa kilo. Angalia kila mraba una thamani gani: ukihesabu mraba wa nusu kilo kama kilo nzima, yote yatakayofuata yatakuwa makosa. Hakikisha pia kadi ni ya jinsia ya mtoto, kwa kuwa mistari ya wavulana na ya wasichana haifanani.

Kisha tazama mistari iliyochapishwa tayari. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2006, baada ya kupima watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri huko Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Ilibainika kwamba watoto wadogo wakipata mahitaji yao, hukua kwa namna inayokaribiana sana popote walipo. Mstari wa kati si alama ya kufaulu. Nusu ya watoto wenye afya wako chini yake.

Sasa chukua wavulana wawili wa miezi 12, kila mmoja ana kilo 8.4. Nukta zao zinaangukia mahali pamoja, chini ya mstari wa kati, ambao katika umri huo uko kwenye kilo 9.6. Wa kwanza alikuwa na kilo 6.9 akiwa na miezi sita, na kilo 7.7 akiwa na miezi tisa. Unganisha nukta zake: mstari unapanda sambamba na ule uliochapishwa. Ni mtoto mdogo wa umbo anayekua. Wa pili alikuwa na kilo 8.8 kwenye miezi sita, bado 8.8 kwenye miezi tisa, na sasa ameshuka. Aliyekuwa mzito kuliko wenzake wengi ndiye anayehitaji msaada leo. Mizani ya siku moja isingewatofautisha. Mwelekeo wa mstari umewatofautisha.

Lakini mwelekeo nao husomwa kwa kulinganisha. Mtoto huongezeka uzito kwa kasi sana miezi ya mwanzo, kisha kasi hupungua, hivyo hata mstari wa kati unalala kidogo kidogo. Mzazi asitishike kwa kuwa mwanawe haongezeki kama alivyoongezeka akiwa na miezi miwili. Atishike pale mstari wa mtoto unapolala wakati ule uliochapishwa unaendelea kupanda.

Grafu hujibu swali lililomo kwenye mihimili yake tu. Hii ya uzito kwa umri haisemi lolote kuhusu urefu, na mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana wa kawaida hapa. Urefu una grafu yake, nayo itazamwe. Vilevile, mwezi ambao mtoto hakupimwa uachwe wazi. Nukta ya kukisia ni hatari kuliko pengo.

Wauguzi wana foleni ndefu, hilo linafahamika. Hata hivyo, kuweka nukta bila kumwonesha mzazi ni kazi iliyoishia katikati. Mgeuzieni kadi, mwelekezeni mstari kwa kidole. Na wewe mzazi, usiondoke dirishani kabla ya kuuliza: mstari wa mwanangu unaelekea wapi?