Safu ya Lugha: Mwigizaji hana kazi hapa

Wanaotafsiri vitabu vya programu na kumwita akta ("actor" wa Kiingereza) "mwigizaji" wanatupotosha. Mwigizaji ametoka kwenye kuiga. Hujifanya mtu asiye yeye. Akta, sehemu ya programu iliyoelezwa na mwanasayansi wa kompyuta Carl Hewitt na wenzake mwaka 1973, hajifanyi lolote. Ana kumbukumbu zake asizomruhusu mwingine kuzigusa, hupokea ujumbe, huujibu au huupeleka mbele, na akihitaji huunda akta wengine. Huyo ni mtendaji, hata kama Mtanzania atamfikiria kwanza yule afisa mtendaji wa kijiji. Wakala naye simtaki: wakala hufanya kwa niaba ya mtu. "Mtenda" tuwaachie walimu wa sarufi. Lugha ya programu ya Erlang, iliyozaliwa Ericsson na kutumika WhatsApp, imekwepa ugomvi wote huu. Yenyewe humwita akta mchakato.