Ina la Mtoto

Dada yangu alijifungua Jumanne, na kufikia Alhamisi nyumba nzima haisemezani. Alitaka mtoto aitwe Louise.

Anapika kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela. Huko alifikia bibi mmoja wa Kifaransa ambaye mamake, Louise, aliishi miaka mia moja na moja. Basi, hiyo ndiyo sababu. Si filamu wala TikTok. Binti yake wa kwanza alipewa jina la mamake nyanya, jina la ukoo, akafariki na miezi minne. Tangu hapo hataki kusikia jina lolote la kwetu. "Nataka ina la mtu alozeeka," aliniambia. (Sisi Waamu j ya jina hatuitamki.)

Nyanya aliuliza mara moja tu: "Hilo ina la nani kwetu?" Kisha akanyamaza, na nyanya akinyamaza ni hatari kuliko akigomba.

Nikatumwa kati. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisoma historia, na elimu yangu hukumbukwa nyumbani pale tu panapotakiwa msuluhishi. Nikaanza kusoma. Kumbe Louise hata kwao ni jina la mabibi. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1803 ilitaka majina yatoke kwenye kalenda zao au kwa watu wa historia ya kale, na hadi mwaka 1993 ndipo wazazi walipoachiwa wachague wapendavyo. Wakaachiwa, na wengi wao wakarudi kuyafukua ya zamani: Louise, Jeanne, Rose. Hapo nikajiuliza, je, sisi tuna nani wa kumfukua?

Tunaye. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana na Seyyid Said miaka na miaka, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mama akaona hataishi kumlea bintiye wa miaka kumi na saba, akamtungia utendi wa wasia. Miaka kama miwili baadaye naye akafariki. Utendi huo tunaujua sote. Ni nani lakini anayemkumbuka yule binti aliyeambiwa aje karibu na wino na karatasi?

Aliitwa Mwana Hashima. Alizaliwa 1841, akafariki 1933. Hesabu mwenyewe: miaka tisini na miwili. Alimzika baba, akamzika mama, akaona Wabusaidi wakiitwaa Siyu, akaona Waingereza wakija, na Alice Werner na William Hichens walipochapisha wasia wa mamake mwaka 1934, yeye alikuwa ametangulia mwaka mmoja tu.

Nikampelekea dada hesabu hiyo kama mtu anayepeleka mahari.

"Huyo si ndiye alofundishwa kumtii mume mpaka basi?" akauliza. Hapo sikuwa na jibu zuri. Utendi ule mimi mwenyewe hunikera kwa beti nyingi. Nikamwambia aliyefundishwa si lazima awe ndiye aliyetii, na kwamba mama anayekufa humpa mwanawe silaha aliyo nayo, hata ikiwa ndogo. Dada alimtazama mtoto kitambo.

"Tisini na mbili?"

"Tisini na mbili."

"Wa Mfaransa alifika mia na moja."

Siku ya saba mbuzi alichinjwa. Kwenye fomu dada aliandika Hashima Louise, na karani akamuuliza mara mbili hilo la pili linaandikwaje. Majirani tayari wanasema Luizi. Nyanya alimpokea mtoto, akamfunika kwa leso yake, akamwita Mwana. Leo ni siku ya thelathini na tatu, na bado anamwita hivyo tu. Anangoja arubaini ipite.