Kubana Sauti: Besi na Gitaa Masikioni mwa Watu wa Kusini

Ukimwuliza kijana anayepiga gitaa siku hizi kompresa ni kitu gani, atakuonyesha kisanduku kidogo cha kukanyaga kilichopo karibu na mguu wake, au picha ya kisanduku hicho kwenye kioo cha kompyuta. Atakueleza pia, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mzee, kwamba hicho ni chombo cha kisasa. Sisi tuliokulia Nachingwea, na ndugu zetu wa Ruangwa, tuliisikia kazi ya chombo hicho miaka mingi kabla hatujakiona kwa macho.

Historia ya muziki wa dansi nchini mwetu imeandikwa zaidi kwa majina: nani aliimba, nani alihama bendi, nani alimjibu nani kwa wimbo. Njia ambayo sauti yenyewe ilipita hadi kutufikia haikuandikwa sana. Nami naona kwamba njia hiyo ndiyo iliyotufundisha besi inatakiwa kusikika vipi, na kwa hiyo ndiyo iliyofundisha vidole vya wapigaji wetu.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, maana si kila msomaji amewahi kushika gitaa. Mpiga besi hapigi kila noti kwa nguvu sawa. Noti moja inaruka, nyingine inazama. Mwuza mtama akijaza pishi hupitisha kijiti juu yake, na punje zote zilizozidi mdomo zikaanguka; hiyo ndiyo kazi ya limita. Kompresa ina huruma zaidi. Inatazama kilichozidi, inaondoa sehemu na kuacha sehemu. Ikiwekwa uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 itatoka ikiwa imevuka kwa desibeli 2 tu. Baada ya hapo fundi huipandisha sauti yote kwa pamoja, na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitambui: kilicho kikubwa hakikui, bali kilichokuwa kidogo ndicho kinachokua. Kwenye gitaa la solo, uzi unaoanza kufa mara tu baada ya kupigwa unapewa maisha marefu zaidi. Kwenye besi, noti zinasimama kwa kimo kimoja kama nguzo za nyumba.

Tena kuna suala la muda. Kompresa ikikamata mara moja, ule mgongo wa kidole unapogonga uzi unamezwa, na besi inakuwa laini kama uji. Ikichelewa kidogo, mathalani sehemu 20 au 30 za elfu moja za sekunde, mgongo unapita kwanza ndipo mwili wa noti unashikwa. Wapigaji wengi wanaojua kazi yao huchagua huku kuchelewa, nami nawaunga mkono.

Chombo hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya gitaa. Kilitengenezwa kwa ajili ya redio. Katika matangazo ya masafa ya kati, wimbi linabebeshwa sauti kwa kiasi, na ukilibebesha kupita asilimia 100 sauti inapasuka na kuvuruga hata vituo jirani. Ukilibebesha kidogo mno, msikilizaji wa mbali hasikii kitu ila mkwaruzo. Zamani fundi alikaa na kidole kwenye kitufe, akishusha na kupandisha. Mwaka 1937 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa chombo cha kufanya kazi hiyo chenyewe, nacho kiliitwa 110A. Studio za kurekodi zikafuata. Mwaka 1959 ulitokea mtambo mzito wa Fairchild 670, wenye valvu nyingi, uliobuniwa na Rein Narma, mzaliwa wa Estonia. Katika miaka ya 1960 Jim Lawrence wa Teletronix, kule California, alitumia kijitaa na kifaa kinachohisi mwanga: sauti ikiwa kubwa kijitaa kinawaka zaidi, na mwanga huo ndio unaoishusha. Chombo chake, LA-2A, kikawa kipenzi cha mafundi waliorekodi besi. Vile vya kukanyaga kwa mguu, kama Dyna Comp ya MXR, vilikuja katika miaka ya 1970.

Hapa kwetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka 1965 shirika lililoirithi likageuzwa kuwa Radio Tanzania. Ndilo lililowarekodi wengi wa wale tuliowapenda: NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Dar es Salaam Jazz na gitaa la Michael Enoch, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ambayo sisi wa Kusini tuliihesabu kuwa yetu hata kama ilikaa Dar es Salaam. Santuri za nyimbo hizo zilikuwa zikichapwa Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 santuri zikawa adimu zaidi, na kanda za redio zikabaki kuwa ndiyo hazina. Bendi nzima ilipiga chumbani kwa wakati mmoja, na sauti ikaingia kwenye utepe. Utepe nao una mbano wake: ukiujaza sauti hadi pomoni haupasuki ghafla, bali unakunja ncha za juu taratibu. Besi inanenepa kidogo. Huo ulikuwa mbano wa kwanza.

Wa pili ulikuwa kwenye mitambo ya kurushia. Na hapa lazima niseme neno kuhusu Nachingwea, mji ambao kila mtu aliukuta na kuuacha. Waingereza waliujia kwa ajili ya karanga mwaka 1947, wakafyeka misitu, wakajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mpango wao ukafa. Reli nayo iling'olewa baadaye. Wapiganaji wa FRELIMO walikaa wakajifunza vita pale, hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, wakaenda kwao. Radio Tanzania ilisimamisha Nachingwea mtambo wa masafa ya kati, na kwa miaka mingi huo ndio uliotuletea bendi. Mtambo wa namna hiyo haurushi kitu bila limita mbele yake. Kwa hiyo besi iliyokuwa imebanwa na utepe ikabanwa tena.

Mbano wa tatu ulikuwa ndani ya redio yetu wenyewe, pale juu ya kabati. Redio za masafa ya kati na mafupi zina sehemu inayojirekebisha: wimbi likidhoofika inajiongezea nguvu, likipata nguvu inajipunguza. Bila hiyo, usiku, wimbi linaporudi kutoka angani na kupishana na lile la ardhini, wimbo ungekuwa unakuja na kuondoka kama mtu anayepita mlangoni. Nyumba zilizofuata vilima kuelekea Ruangwa ziliyajua mambo haya kuliko sisi tuliokuwa karibu na mlingoti. Kulikuwa na mawe ya redio pia, ambayo yakichoka tuliyaanika juani yapate uhai wa siku mbili zaidi. Redio yenye mawe yaliyochoka inabana kwa ukali, tena kwa ubaya.

Baada ya milango yote hiyo, sauti ilitokea kwenye spika ndogo kama kisosi. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya ukubwa ule haiwezi kabisa kutoa mtikisiko wa chini namna hiyo. Tulichosikia ni sauti ndogo zinazozaliwa juu ya ile noti, na sikio likajaza lenyewe kilichopungua. Sauti hizo ndogo zilisikika kwa sababu zilikuwa zimebanwa na kuinuliwa. Bila mbano, gitaa la besi lingefika Ruangwa likiwa kivuli. Wanaosema kwamba kubana ni kuua muziki wangesema hivyo baada ya kusikiliza dansi kwa spika ya kisosi, kwenye mvua za masika, radi zikikwaruza.

Basi fikiria kijana wa Nachingwea anayejifunza besi katika miaka ya 1970 kwa sauti hiyo tu. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alipiga katika bendi ndogo ya mjini ambayo uhai wake ulitegemea msimu wa korosho: korosho zikiuzwa watu wana fedha, ukumbi unajaa. Aliposhika gitaa lenyewe alikuta halisemi kama la redioni. Noti moja ilinguruma, ya pili ikanong'ona. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kati ya gitaa la NUTA na sikio lake kulikuwa na mitambo mitatu inayosawazisha. Yeye aliamini kwamba wale wa Dar es Salaam walikuwa na vidole vilivyo sawa kama meno ya kitana, akaanza kuvitafuta vidole hivyo.

Alikata kipande cha sponji kwenye godoro la mama, mama akateta siku nzima, akakipachika chini ya nyuzi karibu na mkia wa gitaa ili noti zisitambae. Alizoea kupiga kwa kidole gumba, nyama na si ukucha. Alikaa uani jioni akirudia mwendo mmoja mpaka majirani wakaujua. Baada ya miaka kama minne mkono wake ulifanya kile ambacho wenzetu wa Ulaya walikinunua dukani. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kueleza ukaidi wa mtu aliyeigiza mtambo asioujua kuwa upo.

Amplifaya yao ilikuwa ya valvu, na jenereta ilikuwa ndogo. Bendi ikiingia yote kwa pamoja, taa za ukumbi zilififia kwa kila noti ya besi kisha zikarudi. Umeme ukishuka, amplifaya nayo inapungukiwa pumzi, noti inainama mwanzoni na kuinuka polepole. Huo pia ni mbano, na wapigaji wa kule ng'ambo waliolipa fedha nyingi kwa amplifaya kuukuu walikuwa wakiutafuta huo huo.

Mwaka 1983 mtu aliweka radio kaseti dirishani mwa ukumbi akarekodi usiku mzima wa bendi ile. Kaseti moja ilibaki kwetu. Kaka alifariki mwaka 1994, na hakuna sauti nyingine ya mkono wake. Radio kaseti za aina ile zilipima sauti zenyewe wakati wa kurekodi, nazo zilikuwa na kompresa katili kuliko zote nilizotaja. Ngoma kubwa ikigonga, waimbaji wanazama, kisha wanaibuka taratibu mpaka inapogonga tena. Hutaweza kujua kutokana na kaseti hiyo ni wapi kaka alipiga kwa nguvu na wapi alipiga kwa upole. Mashine imefuta tofauti hiyo, na tofauti hiyo ndiyo aliyoitafuta miaka minne aweze kuitawala.

Lakini wimbo unapokwisha, mashine, ikikosa kelele ya kushikilia, inaanza kupandisha kila kilichopo. Kwanza jenereta. Kisha viti vinavyoburutwa, mwanamke anayecheka, mtoto anayelia mahali mbali nje ya ukumbi. Halafu sauti ya kaka, karibu kabisa, kama yuko mezani: "Leteni maji basi." Ngoma inagonga, na yote yanamezwa.

Mtoto wa dada yangu ana studio ndogo Ruangwa, chumba kimoja chenye kompyuta na magodoro ukutani. Anarekodi kwaya, anarekodi vijana wa singeli, na kwa besi ana mkono mzuri: hubana kwa 4 kwa 1, huchelewesha kidogo mwanzo, wala hapiti desibeli 5 au 6. Kwa nyimbo nzima nzima ana kasoro ya wenzake wengi wa leo, ya kubana mpaka hakuna pumzi, na kanda za zamani za redio nazo nimezisikia zikitolewa upya kwa mtindo huo. Mbano wa wakati ule ulikuwa na sababu, maana njia ilikuwa ndefu na spika ndogo. Mtu anayesikiliza leo kwa simu na vipaza vya masikioni hana vilima vya kuvuka.

Aliposikia kaseti alisema, "Mjomba, naweza kuisafisha. Nitakata hizi kelele za katikati, halafu besi niinyanyue."

Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, nami nikamjibu, "Mjomba, besi inyanyue. Katikati usiguse."

Alinitazama kwa adabu, kama wanavyomtazama mzee anayeanza kuchanganya mambo. Nikampigia pale pa maji. Alisikiliza mara mbili, maana mjomba wake yule alifariki yeye akiwa bado hajazaliwa.

Akatengeneza nakala mbili. Moja ameiacha kama ilivyo, na nyenginezo za ukumbini zote zimo. Katika ya pili kelele zimeondoka na besi imesimama nguzo kwa nguzo, kama ile iliyotoka redioni juu ya kabati letu. Kaka angeisikia angedhani amefika Dar es Salaam. Katika arusi ya mjukuu wake, huko huko Ruangwa, tulipiga hiyo ya pili. Watu walicheza hadi jenereta ikazimwa.