Shimo la Bamburi: Kutoka Matumbawe Hadi Makao ya Twiga

Anayemlisha twiga kiganjani huko Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, amesimama juu ya bahari ya kale. Katika zama za Plaistosini, maji yalipokuwa juu kuliko leo, matumbawe yalijenga mwamba mrefu kandokando ya pwani hii. Bahari ilipopungua, mwamba ukabaki nchi kavu, msitu ukaota juu yake.

Kwa karne nyingi Waswahili waliuchimba kwa mikono. Kwa jiwe hilo walijenga mji wa Gede na misikiti ya mwambao, na kwa kulichoma walipata chokaa. Wareno nao, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, waliegemea matumbawe hayohayo.

Mwaka 1954 kiwanda cha saruji kikaanza uzalishaji Bamburi, na kasi ikabadilika. Mashine ziliondoa msitu, kisha udongo, kisha mwamba wenyewe, hadi kukaribia maji ya chumvi yaliyo chini. Likabaki jangwa jeupe lisilo na kivuli.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kulitibu jeraha hilo. Katika aina 26 za miti aliyoijaribu, tatu tu zilistahimili, na mvinje ukaongoza, kwa kuwa bakteria wa mizizini mwake huupatia naitrojeni. Lakini majani yake makavu hayakuoza upesi. Wakaletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mpya.

Udongo ulileta mimea, na mimea ikaleta ndege na wadudu. Mabwawani wakafugwa samaki, wakaongezwa mamba, viboko, pofu na twiga, na mwaka 1984 milango ikafunguliwa kwa umma. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi, aliletwa hapa akajiegemeza kwa Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra. Urafiki wao ukaitangaza hifadhi duniani kote.

Haller Park, kama hifadhi hiyo inavyoitwa leo, basi, si salio la pori la kale. Ni pori lililopandwa. Jiwe lililotoka hapa limo katika kuta za miji ya Kenya, na kivuli cha mvinje kimetanda pale lilipong'olewa.