Kani Moja, si Kani Zilizounganishwa

Istilahi mbovu haikwaruzi sikio tu, bali hufundisha sayansi isiyo sahihi. Ndivyo lilivyo jina "nadharia unganishi", ambalo wapenda vikao vya istilahi wamelipokea bila kulichungua, wakaipa ile nadharia inayotafutwa ili mvutano, sumakuumeme, kani kali na kani dhaifu za nyuklia zielezwe kwa chanzo kimoja. Jina linalostahili ni "nadharia ya kani moja", na sababu zake zimo ndani ya Kiswahili chenyewe na ndani ya fizikia.

Tuanze na shina. Kuunga ni kukitia kitu kwenye kingine. Shina hilo likipokea -an- tunapata "ungana", na kiambishi hicho cha kutendana hudai wahusika wawili au zaidi, kwa kuwa hakuna aunganaye peke yake. Likiongezwa -ish- linakuwa "unganisha", yaani yupo anayevifanya vitu hivyo vishikamane. "Unganishi" basi hubeba madai mawili: kwamba vitu vilikuwa vingi tangu awali, na kwamba mkono wa nje ndio uliovileta pamoja. "Muungano" haliponyi kasoro hiyo. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana kwa sababu kila moja ilikuwa nchi kamili kabla ya hapo. Neno lilifaa kwa kuwa historia ilikuwa hivyo. Historia ya kani inadaiwa kuwa kinyume chake: ilitangulia moja, zikafuata nyingi. Kamati inayopitisha neno bila kuuliza viambishi vyake vinadai nini haijatafsiri, imebandika tu.

Ushahidi wa fizikia uko upande huohuo. Ørsted alipoona mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme hugeuza sindano ya dira, na Faraday mwaka 1831 kwamba sumaku inayosogezwa huzalisha umeme, hawakuwa wakifunga ndoa ya wageni wawili. Milinganyo ya Maxwell ya mwaka 1865 ilionyesha kwamba umeme na sumaku ni pande mbili za jambo moja, na kwamba nuru ni wimbi lake. Glashow, Salam na Weinberg, waliotunukiwa Nobel mwaka 1979, walikwenda mbele zaidi: sumakuumeme na kani dhaifu zina asili ya pamoja, ila ulimwengu ulipopoa chembe za W na Z zilipata tungamo kubwa huku fotoni ikibaki bila tungamo, ndipo kani zikaonekana tofauti. W na Z zenyewe zilipatikana katika maabara ya CERN mwaka 1983. Barafu, maji na mvuke havihitaji kuunganishwa ili viwe kitu kimoja; joto ndilo linalovitenga machoni petu.

Wapinzani wana hoja moja nzito. Katika kazi ya hao watatu, wanasema, bado zimo namba mbili zisizotegemeana za kupimia ukali wa kani, kwa hiyo umoja haujatimia. Ni kweli, na ndiyo maana kani hiyo iitwe "sumakuumeme-dhaifu", jina la kuambatanisha, huku "kani moja" likiwekewa nadharia zinazodai namba moja tu, kama ile ya Georgi na Glashow ya mwaka 1974. Wengine husema umoja huo haujathibitishwa. Einstein aliutafuta hadi kifo chake mwaka 1955 asiupate, na tangi la Super-Kamiokande nchini Japani, lenye tani 50,000 za maji, limesubiri tangu 1996 bila kuona protoni hata moja ikivunjika kama nadharia hizo zinavyotabiri. Lakini jina la nadharia hutaja inachodai, si kilichokwisha kuthibitishwa. Mzigo wa shaka unabebwa na neno "nadharia", nalo linaumudu.

Wako pia wanaotamani shina la Kiarabu lililotupa "wahedi" na "tauhidi", kwa kuwa Kiarabu chenyewe hulitumia kuitaja nadharia hii. Shina ni tukufu, ila katika Kiswahili "tauhidi" limekwisha kukaa kwenye elimu ya dini, na kulihamisha ni kuwachanganya wasomaji wa pande zote mbili. "Moja" ni letu, na mtoto wa darasa la kwanza analijua. "Kani" nalo limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi, tena ni bora kuliko "nguvu", lililotawanyika kati ya afya, mamlaka na misuli. Ama "nadharia ya kila kitu", hiyo ni nakala ya Kiingereza neno kwa neno: haitaji kani, haitaji umoja, na inaahidi mambo ambayo fizikia haikuyadai.

Kwa matumizi: "nadharia ya kani moja" kwa kani zote nne, na "nadharia ya kani moja bila mvutano" kwa zile tatu. Wanaoliona jina hili kuwa jepesi mno waonyeshe ni dai gani la nadharia limeliacha nje. Wakishindwa, waliache liingie kamusini, kwa sababu mwanafunzi atakayelisoma ataanza safari yake ya fizikia akiwa na swali sahihi: kama kani ilikuwa moja, ni nini kilichoigawa?