Mguu wa Maziwa: Historia ya Damu Inayoganda kwa Mzazi

Leo sitaanza na chanjo wala na lishe. Nitawarudisha nyuma miaka mia tatu na zaidi, kisha nitawarejesha hapa kwetu, kwa sababu jambo lenyewe bado liko nasi.

Umewahi kumwona mzazi ambaye, siku chache au wiki chache baada ya kujifungua, mguu wake mmoja unavimba? Si miguu yote miwili, ni mmoja, na mara nyingi ni wa kushoto. Unakuwa mzito, ngozi inavutika na kung'aa, na akikanyaga anasikia maumivu kwenye shavu la mguu au juu kwenye kinena. Hapa Pwani nimesikia majibu matatu. Wa kwanza atasema mama huyu amekanyaga kitu alichotegewa. Wa pili atasema ni matende. Wa tatu, na huyu mara nyingi ni sisi wauguzi wenyewe, atasema ni uchovu wa uzazi, inua mguu juu ya mto, utapungua.

Huko Ulaya walikuwa na jibu la nne. Walisema ni maziwa.

Mwaka 1668 mkunga mashuhuri wa Paris, daktari François Mauriceau, alitoa kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya wajawazito na wazazi, na humo alieleza uvimbe huu wa mguu. Yeye alidhani ni uchafu wa uzazi ambao haukutoka vizuri, ukarudi mwilini na kushuka mguuni. Karne iliyofuata, Mfaransa mwingine, Nicolas Puzos, akafundisha kwamba ni maziwa yaliyopotea njia. Badala ya kwenda matitini, yamekwenda kujikusanya mguuni. Fundisho hilo lilienea hadi ugonjwa ukaitwa mguu wa maziwa, au mguu mweupe, maana kwa watu wenye ngozi nyeupe mguu ule hupauka kama maziwa. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi usisubiri weupe. Utauona mng'ao na mvutiko tu, na ukiugusa utausikia una joto kuliko mwenzake.

Tusiwacheke. Wazia wewe ni mkunga wa zamani zile. Mguu unavimba siku zile zile ambazo maziwa yanajaa. Ngozi imekuwa nyeupe. Hakuna mashine ya kuona ndani. Ungesema nini? Kosa lao halikuwa ujinga. Walishika jibu la kwanza lililolingana na macho yao, wakakaa nalo kwa miaka mingi huku wakiwawekea akina mama ruba wafyonze damu.

Mwaka 1784 daktari wa Manchester, Uingereza, jina lake Charles White, aliandika kitabu kizima juu ya uvimbe huu. Alikataa habari ya maziwa. Alisema kilichoharibika ni vile vijia vya maji ya mwili ambavyo si mishipa ya damu. Wasikilizaji wa Kwale, Kilifi na Lamu mnavijua vijia hivyo ingawa hamkuambiwa jina lake, kwa kuwa ndivyo vinavyozibwa na minyoo ya matende. Kwa hiyo White naye alikosea, na alikosea mahali pale pale jirani zetu wanapokosea leo. Tofauti ni hii: matende hujengeka polepole kwa miezi na miaka, lakini mguu huu ninaousema mimi huvimba kwa siku, pengine kwa saa.

Aliyefungua na kuona ni David Davis wa London, daktari aliyekuwapo mwaka 1819 alipozaliwa Malkia Victoria. Davis alichunguza maiti za akina mama waliofariki wakiwa na mguu wa namna hii, na mwaka 1823 akaeleza alichokikuta. Mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka mguuni kwenda moyoni ilikuwa imezibwa. Ndani yake damu ilikuwa imeganda.

Sasa hapo ukumbuke mishipa yetu ni ya aina mbili. Kuna inayopeleka damu kutoka moyoni, hiyo ndiyo unayoipapasa kifundoni ukasikia inapiga. Na kuna inayoirudisha. Hii ya kurudisha haina mapigo. Ile ya mguuni inategemea misuli ya miguu iikamue damu ipande juu, kama mtu anayekamua tui. Ukitembea, unakamua. Ukilala siku nzima, damu inatuama.

Lakini kwa nini mama afe kwa sababu ya mguu? Swali hili lilijibiwa Berlin mwaka 1846 na kijana wa miaka ishirini na kitu, Rudolf Virchow. Yeye alikuta mabonge ya damu kwenye mapafu ya maiti, akadai kwamba hayakuanzia mapafuni. Yalimeguka mguuni, yakasafiri na damu, yakapita moyoni, yakaenda kukwama mapafuni. Alithibitisha kwa kuingiza vipande vya mpira katika mishipa ya mbwa, kisha akavikuta mapafuni. Sisi wauguzi mpaka leo tunafundishwa kwa jina lake mambo matatu yanayogandisha damu mshipani: damu kwenda polepole, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda.

Mama aliyejifungua anayo yote matatu. Mwili wake uliongeza nguvu ya kugandisha damu tangu akiwa na mimba, ili asivuje hadi kufa siku ya kuzaa. Hiyo ni hekima ya Mungu, lakini ina gharama yake. Mimba imekandamiza mishipa ya nyonga, na upande wa kushoto ndio unaoumia zaidi kwa kuwa hapo mshipa mmoja mkubwa umelaliwa na mwingine. Akifanyiwa upasuaji, hatari huongezeka. Vivyo hivyo akivuja damu nyingi, akipata homa ya uzazi, akiwa na mwili mzito, au ikiwa mtu wa kwao aliwahi kuganda damu. Wiki sita za mwanzo ndizo mbaya zaidi, ingawa hatari haiishi siku ya arobaini.

Naomba niwaambie kosa langu. Nilikuwa nimeajiriwa mwaka wa pili, katika zahanati ambayo sitaitaja. Akaja dada mmoja, mtoto wake ana siku tisa, amefanyiwa upasuaji. Mguu wa kushoto umevimba. Nilimtazama, nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia apumzike. Sikuupima mguu kwa kamba nikalinganisha na mwenzake, jambo lisilochukua hata dakika mbili. Nyumbani mama mkwe wake, kwa mapenzi mema kabisa, akamlaza na kumkanda mguu ule kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, asubuhi na jioni. Siku ya tatu akaletwa kwa bodaboda akihema kama aliyekimbia mbio, akishika kifua, na alipokohoa leso ikawa na damu. Bonge lilikuwa limekwenda mapafuni. Afisa wa kliniki tuliyekuwa naye siku ile alilitambua mara moja, wakamkimbiza hospitali kubwa. Aliishi. Nitarudi kwake.

Mama mkwe yule hakujua, na nani alimwambia? Basi mimi nawaambia. Sikatazi mzazi kuoga maji ya moto. Lakini mguu mmoja uliovimba haukandwi, hauchuliwi, haupakwi dawa ya kusuguliwa. Kuukanda ni kulimega bonge.

Sasa nirudi kwa Charles White, kwa sababu mzee huyu ananishangaza. Chanzo cha ugonjwa alikikosea, lakini miaka kumi na moja kabla, mwaka 1773, alikuwa ameandika kitabu kingine akiwataka wakunga wafungue madirisha, wasafishe chumba, na wamwinue mzazi aketi mapema na kutoka kitandani mapema. Ushauri huo ungeokoa miguu mingi. Haukufuatwa na wengi. Hata katika miaka ya 1930, hospitali za Uingereza na Marekani zilikuwa zikimlaza mama kitandani siku kumi na zaidi baada ya kuzaa salama, zikiona ndiyo heshima ya uzazi.

Vita ndivyo vilivyofungua macho. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu usiku, watu walikesha kwenye mahandaki wameketi vitini. Daktari Keith Simpson aliandika kuhusu watu waliokufa ghafla kwa mabonge ya mapafuni baada ya kukaa hivyo, ukingo wa kiti umebana nyuma ya mapaja. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 vitanda vya hospitali vilikuwa haba, akina mama wakaanza kuinuliwa mapema, na ikaonekana hawadhuriki. Leo mama aliyepasuliwa huinuliwa na muuguzi siku ile ile au kesho yake. Dada, muuguzi akikuambia shuka kitandani utembee hadi msalani, usidhani hana huruma.

Na arobaini yetu? Mimi naipenda arobaini. Mzazi asichote maji, asibebe kuni, apikiwe uji na supu, hayo ni mambo mazuri ambayo wenzetu wengi wanayatamani. Lakini kupumzika si kulala chali mchana kutwa. Atembee ndani ya nyumba, atoke uani, anywe maji ya kutosha, akiwa ameketi achezeshe vifundo vya miguu.

Dawa ilichelewa sana. Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, Jay McLean, alikuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu, akapata kinyume chake, kitu kutoka ini la mbwa kinachozuia damu kuganda. Kikaitwa heparini, kutokana na neno la Kigiriki la ini. Katika miaka ya 1930 madaktari wa Toronto na Stockholm wakaanza kuwadunga wagonjwa. Hata hivyo wengine walisitasita hadi mwaka 1960, pale Bristol, walipowagawa wagonjwa wa mabonge ya mapafuni makundi mawili. Kati ya 19 wasiopewa dawa, 5 walikufa kwa mabonge. Kati ya 16 waliopewa, hakufa hata mmoja kwa mabonge. Tangu hapo ubishi ukaisha.

Dawa ya pili ilitoka kwa ng'ombe. Huko Marekani na Kanada, katika miaka ya 1920, ng'ombe walivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima wa Wisconsin alimfikishia mtaalamu Karl Link mtamba aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu iliyokataa kuganda. Kutokana na majani yale ikapatikana, mwaka 1948, sumu ya panya iitwayo warfarini, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu kwa kipimo kidogo. Vidonge hivyo mama anayenyonyesha anaweza kuvitumia kwa uangalizi wa daktari. Mwenye mimba hapewi hivi hivi, maana vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Yeye hudungwa heparini, isiyomfikia mtoto.

Akina mama Waislamu huniuliza kama ni kweli heparini hutokana na nguruwe. Ndiyo, nyingi ya leo hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe, na ni haki yako kuambiwa. Zungumza na daktari, zungumza na sheikh wako kuhusu dharura, lakini usiache sindano kimya kimya.

Kwa hiyo mama, ukiona mguu mmoja umevimba au unauma ukiwa na mimba au baada ya kuzaa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maumivu yanaweza kuanzia kinenani au chini ya tumbo kabla mguu haujavimba. Waambie, "Naogopa damu imeganda." Waombe wakupeleke panapofanywa skani, mashine ile ile iliyomtazama mtoto tumboni, inatazama na mshipa. Lakini kukikatika pumzi ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, ukizimia au ukikohoa damu, usingoje asubuhi. Na ukienda kutafuta uzazi wa mpango, mwambie mhudumu kwamba uliwahi kuganda damu, kwa kuwa kuna vidonge visivyokufaa.

Yule dada wa bodaboda alimeza dawa kwa miezi sita. Mguu wake wa kushoto bado unamlemea jioni, na ndani ya buibui huvaa soksi ndefu ya kubana. Alipopata mimba ya pili alikuja kliniki mapema, akaeleza yaliyompata kabla sijauliza, akafundishwa kujidunga sindano mwenyewe kila siku hadi kujifungua na wiki sita baadaye. Mtoto ni msichana. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimkumbusha saa ya sindano.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu miguu yote miwili inapovimba kwa mjamzito, pamoja na kuumwa kichwa na kuona vimulimuli. Hilo ni jambo jingine. Kwaherini.