Watoto wa Majahazini: Malezi ya Kiungani na Mbweni

Mwaka 1864, muda mchache baada ya Askofu Tozer na Dakta Steere kutua Unguja, Sultani Majid bin Said aliwapelekea wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa mwanzo wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Misheni haikuwachagua watoto, na watoto hawakuichagua misheni.

Mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga soko la watumwa, biashara ilihamia gizani, na manowari za Kiingereza zikazidi kuyasaka majahazi. Baina ya mwaka 1874 na 1883 manowari iitwayo London ilikaa bandarini Unguja kwa kazi hiyo. Watu wazima walionusuriwa walitafutiwa mashamba. Watoto waligawiwa wamisheni. Wengine walikwenda kwa mapadri wa Kifaransa Bagamoyo, wengine Freretown, Mombasa. Wa Unguja, wavulana waliwekwa Kiungani na wasichana Mbweni, ambako kuta za skuli yao zimebaki magofu kando ya bahari.

Habari za ukombozi huo zimeandikwa mara nyingi, na mara nyingi huishia pale mtoto anaposhushwa gatini. Lakini kwa mtoto mambo hayakuishia hapo. Wenye majahazi walikuwa wakiwaambia watumwa kwamba Wazungu hula watu, ili wasipige kelele manowari ikikaribia. Mtoto aliyelishwa maneno hayo, kisha akaletewa sahani ya wali na mtu mweupe anayetabasamu, ana haki ya kudhani kuwa ananoneshwa.

Haya yanajulikana kwa sababu watoto wenyewe waliulizwa. Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa Kiungani, ambaye baadaye alitunga kamusi, alichapisha kitabu cha visa vya maisha vilivyoandikwa na wavulana wake, Wayao, Wamakua na wengineo. Wavulana waliandika kwa Kiswahili, na Madan akafasiri kwa Kiingereza. Visa vinafanana kama shanga za uzi mmoja: vita au deni, safari ya miguu, kuuzwa kwa huyu, kisha kwa yule, kisha bahari. Mwenye kusoma kwa haraka atachoka. Anayesoma taratibu ataona jinsi mtoto aliyekwishauzwa mara kadhaa anavyojifunza kutomzoea mtu, kwani kila anayempa chakula leo aweza kumuuza kesho. Kwa mtoto kama huyo, mwalimu mwema alikuwa bwana mwingine tu katika mlolongo, mpaka siku zithibitishe vingine.

Na siku hazikuthibitisha kila mara, maana walezi nao walikufa. Homa iliwamaliza wamisheni wengi, na Steere mwenyewe, aliyekuwa askofu wakati huo, alifariki Unguja mwaka 1882. Bi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 na kuiongoza skuli ya Mbweni, alikaa Unguja hadi alipofariki mwaka 1926. Huenda kule kukaa kwake kuliwafaa wasichana wale kuliko somo lolote alilowafundisha.

Liko pia suala la majina. Pwani inajua kulea mwana wa kupanga, na sharia ya Kiislamu inataka mtoto huyo aendelee kuitwa kwa baba yake mzazi. Mtumwa hakuupata ulinzi huo. Aliitwa Mabruki, Baraka, Faraji, majina ya heri yaliyowafurahisha wenye kuwamiliki. Misheni nayo ikaongeza la ubatizo. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri, mwaka 1890, alikuwa Myao. Lakini Cecil ni la Kizungu na Majaliwa ni la Kiswahili. Jina alilopewa na mama yake halimo katika hayo mawili.

Lugha nayo ni vivyo hivyo. Kiswahili ambacho Steere alikitungia kitabu cha sarufi mwaka 1870, na ambacho wavulana wa Kiungani walijifunza kukipangia herufi za chapa, hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao. Kilikuwa mama wa kulea. Wapenzi wa lugha hii hupenda kuhesabu mashairi ya Lamu na Mombasa kuwa msingi wake, na ni kweli. Lakini Kiswahili cha maandishi ya Kirumi kimepita pia mikononi mwa mayatima.

Mmoja wao, Petro Kilekwa, Mbisa aliyeokolewa na manowari karibu na Maskati kisha akasomeshwa Kiungani, aliandika maisha yake kwa Kinyanja alipokuwa padri mzee. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1937. Miongoni mwa anayoyasimulia ni habari za mama yake kuwafuata watekaji ili amkomboe. Mali aliyokuja nayo ilikataliwa. Mama akarudi, na mtoto akaongozwa njia ya pwani.